TAZARA: Mradi Uliokwisha, Reli Iliyobaki

Tarehe 14 Julai 1976, mjini Kapiri Mposhi, Zambia, China iliikabidhi rasmi reli ya TAZARA kwa Tanzania na Zambia. Mradi ukaishia hapo.

Chimbuko lake lilikuwa dhiki. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ambayo shaba yake ilipitia kusini, ndani ya Rhodesia, ikajikuta imebanwa. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wameshasema kuwa reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. Marais Nyerere wa Tanzania na Kaunda wa Zambia hawakukata tamaa. Septemba 1967 serikali zao zilitia saini mkataba na China mjini Beijing.

Wazo la reli hiyo lilikuwapo tangu enzi za ukoloni, lakini ndoto haina bajeti wala tarehe. Mkataba huo, pamoja na upimaji uliofuata, ndio uliozaa mradi: kilomita 1,860, mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, na upana wa njia wa milimita 1,067. Kipimo hiki cha mwisho kilikuwa uamuzi mzito. Kiliwezesha mabehewa kuendelea moja kwa moja kwenye reli ya Zambia, lakini hayakuweza kuingia Reli ya Kati ya Tanzania, yenye upana wa mita moja. Waliopanga walijua wanachokiacha, nami naona walichagua vema, kwa kuwa shabaha ilikuwa kuifikisha shaba bandarini.

Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inapanda kutoka bonde la Kilombero kupitia mahandaki na madaraja marefu. Watu walipoteza maisha. Baadhi ya Wachina waliokufa wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Hata hivyo, Juni 1975 reli ilikuwa imefika Kapiri Mposhi.

Uendeshaji, tofauti na mradi, hauna siku ya mwisho. Kila mwaka unadai vipuri, mafundi, na fedha za kukarabati tuta lililomomonywa na mvua. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka haikuwahi kufikia kiasi hicho. Wajenzi walitimiza walichoahidi. Upungufu huo ni wa miaka iliyofuata makabidhiano.