Idhini ya kazi za umeme majumbani England kwa fundi asiyesajiliwa

Nchini England, fundi umeme anaweza kufunga saketi mpya katika nyumba ya kuishi na kazi yake ikatambuliwa kisheria hata kama hajajiunga na mpango wowote wa usajili. Njia hiyo inatokana na Sehemu P ya Kanuni za Ujenzi, inayohusu usalama wa umeme katika makazi, ambayo ilianza kutumika Januari 1, 2005. Sharti lake kubwa ndilo linalokosewa na wengi: mamlaka ya udhibiti wa ujenzi lazima iarifiwe kabla ya kazi kuanza.

Suala hili huwachanganya Watanzania waishio huko, na sababu inaeleweka. Nyumbani Tanzania, anayetandaza nyaya za umeme kwa biashara hutakiwa kuwa na leseni ya EWURA, hivyo ni rahisi kudhani kuwa NICEIC au NAPIT ni EWURA ya Waingereza. Vyombo hivyo havitoi leseni ya ufundi. Vinaendesha mipango inayompa mwanachama haki ya kuithibitisha kazi yake mwenyewe, kisha halmashauri ya eneo hupewa taarifa na mwenye nyumba hupatiwa cheti ndani ya siku 30. Kwa fundi anayebadilisha meni swichi kila wiki, ada ya uanachama inalipa. Kwa mwenye nyumba anayefanya kazi ya aina hiyo mara moja tu, hailipi.

Si kila kazi inahitaji taarifa. Tangu kanuni zilipolegezwa Aprili 2013, kazi za kuarifiwa nchini England ni kufunga saketi mpya, kubadilisha kisanduku kikuu cha kugawa umeme, na kuongeza au kurekebisha saketi iliyopo katika eneo maalumu, yaani karibu na bafu au shawa, au katika chumba chenye bwawa la kuogelea au sauna. Bafuni, eneo hilo hupimwa: hadi mita 2.25 kutoka sakafuni na sentimita 60 kutoka ukingo wa bafu. Kubadilisha soketi iliyovunjika, au kuongeza soketi sebuleni kwenye saketi iliyopo, hakuhitaji taarifa, ingawa wajibu wa kuifanya kazi hiyo kwa usalama uko palepale. Wales ina orodha yake, ambayo ni pana zaidi na inagusa pia jikoni na nje ya nyumba. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina taratibu nyingine kabisa.

Fundi asiyesajiliwa ana njia mbili. Ya kwanza ni ofisi ya udhibiti wa ujenzi, ambayo huwa ya halmashauri ya eneo au kampuni binafsi iliyoidhinishwa kufanya kazi hiyo. Mwombaji huwasilisha taarifa ya ujenzi, hulipa ada, na husubiri maelekezo ya lini mkaguzi aitwe. Ofisi ndiyo huamua ukaguzi na vipimo vya kiasi gani vinahitajika, ikizingatia ukubwa wa kazi na uwezo wa anayeifanya. Fundi mwenye ujuzi na vifaa vya kupima hujaza cheti cha ufungaji kwa mujibu wa BS 7671, kiwango cha Uingereza cha mifumo ya umeme, na ofisi huweza kukitegemea baada ya kuridhika na sifa zake. Asiye na uwezo huo hukaguliwa na ofisi yenyewe au mtaalamu iliyempa kazi hiyo. Kila halmashauri hupanga ada yake, na kwa kazi ndogo ada hiyo inaweza kuzidi gharama ya kazi yenyewe. Kabla ya kulipa, inafaa kuuliza kwa maandishi iwapo ada inajumuisha gharama za upimaji.

Hapa ndipo cheti cha VETA kinapoulizwa. Ni hati halali ya mafunzo na ina uzito katika kueleza uwezo wa fundi. Hata hivyo, peke yake haionyeshi kuwa mwenye nacho anaijua BS 7671, na fundi anayekwenda mbele ya mkaguzi bila kuisoma atakuwa amejitafutia usumbufu. Nyaya zilizofukiwa ukutani kwa kina cha chini ya milimita 50, kwa mfano, zinatakiwa kupita katika njia zinazotabirika, wima au mlalo kutoka kwenye soketi au swichi, ili anayepigilia msumari miaka kumi baadaye ajue pa kuepuka. Katika makazi, nyaya hizo kwa kawaida huhitaji pia kifaa kinachokata umeme uvujapo kwa kiwango cha miliampea 30. Umeme wa nyumbani huko ni wa volti 230. Waya uliotobolewa ukakosa ulinzi huo unaweza kuua.

Kwa sababu hiyo mkaguzi hutaka kuziona nyaya kabla plasta haijapigwa. Taarifa inayopelekwa baada ya ukuta kufungwa humnyima nafasi hiyo, na ofisi inaweza kudai ukuta ufunguliwe.

Njia ya pili ni mthibitishaji wa upande wa tatu. Huyu naye lazima ateuliwe kabla ya kazi kuanza. Fundi akimaliza ana siku 5 za kumjulisha. Mthibitishaji hukagua, hupima na kuandika ripoti ya hali ya mfumo, na ikiwa ya kuridhisha hutoa cheti cha kutimiza Kanuni za Ujenzi ndani ya siku 30. Tahadhari ni kwamba mamlaka ya kuthibitisha kazi ya mtu mwingine husajiliwa peke yake. Fundi wa kawaida wa NICEIC au NAPIT hana ruhusa ya kutia saini kazi aliyoifanya jirani yako kana kwamba ni yake, hata akilipwa, na cheti cha namna hiyo ni cha uongo.

Ripoti ya hali ya mfumo, inayofahamika sana kwa wapangishaji kwa kuwa sheria ya mwaka 2020 inawataka waipate angalau kila baada ya miaka 5, nayo hueleweka vibaya. Inaeleza kama mfumo ni salama siku ulipokaguliwa. Haichukui nafasi ya taarifa ambayo haikutolewa.

Aliyekwishafanya kazi bila kuarifu anaweza kuiomba halmashauri cheti cha kuhalalisha kazi. Maombi haya huenda kwa halmashauri pekee; kampuni binafsi haziyashughulikii. Mwombaji ajiandae kufungua sehemu za ukuta au sakafu, na kurekebisha kasoro zitakazoonekana. Kukaa kimya kuna gharama yake: kukiuka kanuni ni kosa la jinai lenye faini isiyo na kikomo, na tangu Oktoba 1, 2023 halmashauri ina miaka 10, badala ya miezi 12 ya awali, ya kumtaka mwenye nyumba aondoe au arekebishe kazi isiyokidhi kanuni. Notisi hiyo humfuata mwenye nyumba, hata kama fundi hapatikani tena kwa simu.

Nyumba inapouzwa, mawakili wa mnunuzi kwa kawaida huomba vyeti vya kazi za umeme zilizofanyika tangu 2005. Nyaraka za kutunza ni cheti cha BS 7671 chenye matokeo ya vipimo, pamoja na cheti cha kukamilika kwa kazi kutoka ofisi ya udhibiti wa ujenzi, au cha mthibitishaji kwa aliyetumia njia ya pili. Cheti kikichelewa baada ya ukaguzi wa mwisho, mwenye nyumba aandikie ofisi husika akitaja namba ya maombi yake.