Nusu Ndoo

Wiki aliyofariki Mwalimu, Oktoba 1999, kila mwenye redio Kinyangiri alitaka betri yake ijae. Umeme wa gridi ulikuwa bado haujatufikia. Baba mdogo alikuwa na jenereta na kibanda cha kuchaji betri, na tangu alfajiri watu walipanga foleni, wengine wamefunga betri za gari nyuma ya baiskeli, wasije wakakosa matangazo ya mazishi kutoka Butiama. Nilikuwa na miaka tisa na kazi yangu ilikuwa moja: kuteka maji.

Siku hizo baba mdogo alinunua asidi ikiwa bado kali, kwenye dumu, akaichanganya mwenyewe na maji ya mvua kupata maji ya betri. Nakumbuka alivyokuwa akilisogeza lile dumu, kwa kulisukuma na magoti. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20. La asidi kali ya salfuriki lina karibu kilo 37. Uzito ule peke yake ulitosha kumwambia mtu kwamba kilichomo ndani si maji, lakini hakuna aliyeuliza.

Mchana dumu likapinduka. Asidi haikuchuruzika kama maji. Ilitambaa, nzito kama mafuta ya alizeti, ikaingia chini ya gunia la katani lililotandikwa mlangoni. Gunia likageuka jeusi kana kwamba linaungua pasipo moto. Mtu akapiga kelele, "Maji! Leteni maji!" Nilikuwa nimesimama pale pale na ndoo iliyojaa. Mteja mmoja akaninyang'anya, akamwaga.

Ilikuwa kama tone la maji kwenye kikaango cha mafuta ya moto, ila kikaango chenyewe ni sakafu nzima. Mvuke ulipanda, matone yakaruka, na kijana aliyekuwa akimsaidia baba mdogo akashika jicho lake la kulia.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndicho kinachoniandikisha haya. Watu walikuwa wameona kwa macho yao maji yakichemka juu ya udongo. Kwa hiyo mama mmoja alipoinama kuchukua ndoo ili amwoshe yule kijana uso, walimzuia. "Usimmwagie maji, utamuua!" Jicho likafungwa kwa khanga kavu, kijana akapakiwa kwenye baiskeli kwenda hospitali. Jicho halikupona. Ndoo ilibaki nusu, kando ya mlango.

Miaka sita baadaye, darasani, mwalimu wa kemia aliandika ubaoni sentensi ambayo kila aliyesoma sayansi anaijua: tia asidi kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye asidi. Aliongeza na sababu yake. Asidi hii inapokutana na maji hutoa joto jingi sana. Maji ni mepesi kuliko asidi, hivyo ukiyamwaga juu yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi, joto lote linazaliwa kwenye utando ule mwembamba, maji yanachemka hapo hapo na kurusha asidi usoni mwako. Ukifanya kinyume, asidi inazama ndani ya maji mengi na joto linapata pa kusambaa. Mwalimu alisema jambo jingine kwa kupita tu, kabla kengele haijalia: lakini ikikurukia mwilini, osha kwa maji mengi, mara moja, kwa muda mrefu, dakika 20 au zaidi. Niliacha kuandika. Kumbe mteja wa siku ile alikosea, na waliomzuia yule mama nao walikosea, tena kwa sababu walikuwa wamejifunza kutokana na kosa la kwanza.

Tangu hapo nimekuwa nikitafuta watu wengine waliosimama na ndoo mkononi wasijue waimwage wapi. Ni wengi kuliko nilivyodhani.

Wa zamani ninaowapenda ni mabaharia wa Rockland, katika jimbo la Maine, Marekani. Karne ya 19 majahazi yao yalibeba chokaa iliyotoka tanurini, ambayo bado haijazimwa kwa maji. Watu wa pwani yetu wanaijua chokaa hiyo: ndiyo iliyojenga Kilwa na Gedi, mawe ya matumbawe yakichomwa kwa magogo, kisha yakimwagiwa maji au kuachwa yanyeshewe hadi yalainike. Chokaa ya namna hii humuunguza mtu ngozi na macho, na ikipata maji hupata joto la kuweza kuwasha mbao. Jahazi likivuja kidogo tu, shehena inaanza kuwaka yenyewe. Sasa fikiria: uko baharini, maji yamekuzunguka pande zote, chombo chako kinaungua, na kitu kimoja usichoruhusiwa kukigusa ni maji. Mabaharia wale waliziba kila mwanya kwa udongo wa chokaa ileile iliyokwisha kuzimwa, wakatia nanga mbali na vyombo vingine, wakangoja moto ukose hewa. Wakati mwingine walingoja kwa wiki, hata miezi. Hakuna zimamoto aliyewafundisha. Walikuwa wamezika wenzao wa kutosha.

Upande wa pili wa habari hii ni Bhopal, India, usiku wa kuamkia Desemba 3, 1984. Kwenye kiwanda cha dawa za wadudu, maji yaliingia ndani ya tangi namba 610 lililokuwa na tani zipatazo 40 za kemikali iitwayo methaili aisosayanati, ambayo haipatani kabisa na maji. Joto likapanda, gesi ikatoka kwenye bomba la juu, maelfu ya watu wakafa. Wafanyakazi walirusha maji kujaribu kuidaka ile gesi, lakini hayakufika kwenye ncha ya bomba. Na watu waliokuwa wakikimbia gizani hawakuwa wameambiwa kwamba kitambaa kilicholoweshwa maji, kikiwekwa puani na mdomoni, kingewapunguzia madhara. Yaani maji yaliyoingia ndani ya tangi yaliua, na maji kidogo kwenye kitambaa yangewaokoa baadhi. Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje kidogo.

Turudi kwetu. Februari 20, 2019, katika jimbo la Lualaba, kusini mwa Kongo, lori la asidi ya salfuriki iliyokuwa ikipelekwa mgodi wa Mutanda liligongana na magari mengine, na asidi ikawamwagikia abiria wa basi. Watu wasiopungua 18 walifariki. Asidi ile inahitajika kwa wingi huko, kwa sababu ndiyo inayoyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye mawe, kobalti ile ambayo iko ndani ya betri za simu tunazozisomea habari kama hizi. Sehemu ya salfa inayotengenezewa asidi hiyo hushushwa bandari ya Dar es Salaam na kusafirishwa kwa malori. Na watu wa barabara ile ya Lualaba wanazungumza Kiswahili. Onyo lililoandikwa ubavuni mwa lori kwa Kiswahili wangelisoma.

Miezi sita baadaye, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Hilo tunalijua sote: watu walikwenda na madumu, moto ukalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Mara nyingi habari ile husimuliwa kwa kuwalaumu marehemu, na mimi imenichosha. Kwa mtu aliyezaliwa mahali ambapo kila kitu huja kwa dumu (maji, mafuta ya taa, mafuta ya kula, pombe), tenki lililopasuka ni dumu kubwa. Siku litakapokuwa tenki la asidi, watakaofika kwanza watakuwa hao hao, na madumu yao.

Kanuni zipo. Tanzania ina sheria ya usimamizi wa kemikali za viwandani na majumbani tangu 2003, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapigiwa namba 114. Malori yanatakiwa kuwa na alama. Ile ya asidi ni mraba uliosimama kwa pembe, una picha ya vimiminika vikidondokea mkono na kipande cha chuma, na chini yake namba 8. Kuna pia namba za Umoja wa Mataifa: 1830 ni asidi ya salfuriki, 1910 ni chokaa isiyozimwa. Katika mfumo wa vibao vya rangi ya chungwa wa Ulaya, ambao umeigwa kwingi, herufi X mbele ya namba ya juu maana yake ni moja: usitumie maji. Herufi moja tu! Ingekuwa imeandikwa kwenye dumu la baba mdogo, na sote tukajua kuisoma, ingetosha kumzuia yule mteja. Isingetosha kumruhusu yule mama. Hilo la pili halina kibao chake.

Nalifikiria sana ninapoteremka mlima Sekenke kwa basi. Wajerumani waligundua dhahabu Sekenke mwaka 1907, na leo barabara inayopita hapo ndiyo inayobeba mahitaji ya migodi ya Kanda ya Ziwa. Malori hushuka taratibu, breki zikinuka, na pembeni kuna wauza vitunguu na asali. Nimewahi kumuuliza muuza asali mmoja, ile alama yenye mkono unaoliwa maana yake nini. "Kaka, labda wanakataza kuomba lifti," akaniambia. Tulicheka. Nilipopanda tena basi sikucheka.

Februari 18, 2025, bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba lilipasuka karibu na Chambishi, Zambia, na lita zipatazo milioni 50 za maji yenye asidi zikaelekea mto Kafue. Jiji la Kitwe likakosa maji ya bomba. Serikali ilipeleka ndege za jeshi la anga kumwaga chokaa mtoni ili kupunguza ukali. Nilitazama picha za ndege zile, unga mweupe ukianguka juu ya maji, nikamkumbuka bibi.

Maana sijamaliza habari ya siku ile. Kijana alipokwisha kuondoka na baiskeli, na watu wamesogea mbali, bibi alikuja na jembe. Kwanza alichota udongo mkavu akauzungushia lile dimbwi kama mtu anayetengeneza kingo za jaruba. Kisha akaleta majivu ya jikoni kwenye ungo na kuanza kuyanyunyiza kidogo kidogo, kutoka pembeni kwenda katikati, huku amegeuzia uso kule upepo unakotoka. Palitoka povu, pakachemka, pakatulia. Akaongeza. Makapi ya alizeti yaliyokuwa karibu alikataza yasiguswe, maana alikuwa ameona lilivyokuwa gunia. Baadaye sana nilimuuliza nani alimfundisha. Alinishangaa. Anayepika mlenda kwa magadi, alisema, anajua majivu na magadi hula uchachu. Majivu ya kuni yana karbonati za potasiamu na kalsiamu, na kila kitabu cha kemia kitakubaliana naye, ingawa kitasema kwa maneno marefu zaidi. Ngozi ya mtu ni habari nyingine. Huko hupeleki majivu wala chokaa, unapeleka maji. Bibi hakuwepo wakati wa jicho. Alikuwa shambani.

Baba mdogo alifunga kibanda kabla ya mazishi ya Mwalimu. Tulisikiliza kwa jirani. Kijana alirudi baada ya wiki tatu, akaendelea na kazi nyingine, akaoa, ana watoto wakubwa sasa. Tukikutana hunisalimia kwa utani, huniita mleta maji, na sijui kama anajua ninavyolisikia jina hilo.

Jioni ya siku ile bibi aliniita nikaondoe ile ndoo mlangoni. Nilikataa kuigusa. Nilimwambia ina asidi. Akaja mwenyewe, akakunja mkono wa gauni, akachota kiganja kimoja na kunawa uso.

"Haya ni maji tu, mjukuu wangu," akasema.