Ufa Katika Bomba la Gesi: Mashine Husikia, Nani Hukata Shauri?

Tarehe 9 Oktoba 2018, bomba la gesi la kampuni ya Enbridge, lenye kipenyo cha inchi 36, lililipuka karibu na Prince George, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada. Watu wa jamii ya Lheidli T'enneh walilazimika kuyahama makazi yao kwa muda. Hakuna aliyejeruhiwa. Wachunguzi wa serikali walikuta tepu ya polithini iliyolivika bomba imechakaa, unyevu wa udongo umepenya hadi kwenye chuma, na nyufa zimeota upande wa nje. Nyufa hizo huzaliwa pale kutu na mkazo vinapokutana: shinikizo la gesi huvuta ukuta wa bomba huku kemikali za udongo zikiudhoofisha.

Kuzinasa ni kazi ngumu. Katika bomba la mafuta, mawimbi ya ultrasoniki husafiri ndani ya mafuta yenyewe hadi kufika kwenye chuma. Gesi haina uwezo huo; karibu sauti yote hugonga ukuta na kurudi. Ndiyo maana kifaa cha ukaguzi cha sumakuumeme, kinachopita ndani ya bomba, kina thamani kubwa. Koili yake hupitishiwa mkondo geu karibu na ukuta wa bomba, chini ya uga wa sumaku, na chuma chenyewe hutetemeka. Sauti huzaliwa ndani ya ukuta, bila kuhitaji majimaji ya kuibeba. Wimbi huuzunguka mzingo wa bomba, na likikutana na ufa uliolala kufuata urefu wake, hurudisha mwangwi.

Kuna faida nyingine isiyosifiwa vya kutosha. Tepu iliyoshikamana vizuri na chuma hufifisha wimbi. Iliyobanduka huliacha lipite na nguvu zake. Basi kifaa kilekile huonyesha pia mahali ambapo nyufa zinaweza kuanza.

Hata hivyo, kusikia ufa ni nusu ya kazi.

Julai 2010, bomba la mafuta la kampuni hiyohiyo lilipasuka huko Marshall, Michigan, na mafuta yakaingia Mto Kalamazoo. Saa 17 zilipita kabla ya wahusika kutambua kilichotokea. Ukaguzi wa ultrasoniki wa mwaka 2005 ulikuwa umeigusa kasoro iliyokuja kupasuka, lakini wachambuzi waliiainisha vibaya, na hakuna aliyefukua kuitazama. Huko Prince George, hesabu za kampuni zilikadiria nyufa chini ya hali halisi, na ukaguzi uliopangwa ulikuwa umeahirishwa. Mara zote mbili, teknolojia ilikuwapo.

Wenye mabomba watasema kufukua ni ghali, na si kila mwangwi ni ufa. Ni kweli. Lakini kila shimo linalochimbwa huwafundisha wachambuzi kusoma mwangwi unaofuata, hata usipokutwa ufa. Na ukaguzi unapoahirishwa, mdhibiti anapaswa kudai hesabu mpya za hatari kabla ya kukubali tarehe mpya, na pale hesabu hizo zinapotia shaka, shinikizo la gesi lipunguzwe hadi kifaa kipite.