Ebola: toka darubini hadi jicho la mponaji
Mwaka 1976 damu ya mtawa aliyeugua Yambuku, kwetu Kongo, ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai. Darubini ya elektroni, inayoona vidogo kupita uwezo wa mwanga, ilionyesha kirusi kirefu kama mnyoo: Ebola.

Mwaka 1995, huko Kikwit, baadhi ya waliopona walirudi kwa waganga macho yakiuma, mekundu, yenye ukungu. Sababu ilionekana wazi zaidi 2014: daktari Mmarekani aliyepona alikutwa na kirusi hai ndani ya jicho, damu ikiwa safi. Machozi yake hayakuwa nacho, kwa hiyo tusiwakimbie waponaji!

Uliyepona Beni au Butembo 2018-2020, hata ukiwa kambini: jicho likiuma, mwambie daktari uliugua Ebola.