Visubi wa Usambara na Bonde la Pangani

Wajerumani walipofungua kituo cha utafiti Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, shida yao ilikuwa mazao ya biashara. Mdudu aliyeandikwa ni yule aliyekula shamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili kituo kikageukia malaria, na kuanzia hapo mbu wa Tanga wakachunguzwa kuliko mdudu mwingine yeyote wa mkoa huo.

Baadaye ikaja zamu ya usubi mweusi, anayeeneza ugonjwa unaoharibu ngozi na kupofusha macho. Mwaka 1950, huko Kenya, van Someren na McMahon walitegua kitendawili: viluwiluwi vya usubi wa aina ya neavei hukua miilini mwa kaa wa mtoni! Jamaa zake wako pia Usambara Mashariki. Ukimgeuza kaa wa kijito cha huko, huenda ukawaona wameng'ang'ania gamba lake. Dawa ya ivermectin, inayotolewa bure tangu 1987, huua vijidudu vya ugonjwa huo mwilini mwa mgonjwa. Usubi mwenyewe haimgusi.

Na visubi wasiouma? Ndio wengi zaidi, na maji ndiyo yanayowagawa. Luengera hupita kati ya Usambara mbili na kuingia Pangani pale Korogwe. Vijito vinavyoilisha ni vya baridi, vyenye mawe na oksijeni tele. Ukitoka Kwamndolwa hadi Handeni, vijito vingi hukauka kiangazi, yanabaki malambo. Osha tope la lambo kwenye chungio la chai: utaona viluwiluwi vyekundu vikijinyonganyonga. Wekundu huo ni himoglobini, inayowawezesha kuishi palipo na hewa haba. Wa mlimani hawangemaliza siku pale.

Hawa hawakupata kituo wala bajeti. Ajabu ni kwamba mmoja wao alitikisa ukoo mzima. Mwaka 1994 Trond Andersen na Ole Sæther, wa Bergen, Norwe, walieleza kisubi kutoka msitu wa Mazumbai, Usambara Magharibi. Hakuingia kundi lolote lililojulikana, ikabidi wamfungulie nusu-familia mpya, Usambaromyiinae.

Ugunduzi huo ulifanywa na wageni kutoka Norwe, katika msitu ulio chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Walimu wa biolojia wa Korogwe na Handeni, vijito na malambo ya kwenu bado yanangoja wa kuyaorodhesha.