Jagwa Arudi Iberá

Jagwa wa Amerika msimdhani kuwa ni chui wetu. Yeye ni mnene zaidi, na ndani ya mabaka yake mna vitone. Hupenda maji, huogelea, hata mamba wadogo wa huko huwakamata kwa kuwauma kichogoni. Lakini meno hayo yalifaa nini mbele ya bunduki? Katika miaka ya 1960 ngozi zake ziliuzwa kwa maelfu Marekani na Ulaya, zikashonwa makoti ya mabibi. Brazil ilikataza uwindaji mwaka 1967. Mapatano ya mataifa yakazuia biashara hiyo tangu 1975. Katika vinamasi vya Iberá, Argentina, alikuwa ametoweka kwa miaka 70 hivi. Januari 2021 jike mmoja na wanawe wawili walifunguliwa huko, penye kapibara tele, panya wakubwa kama mbuzi.