Nasaba Zilizokatika

Watu wa pwani hujua nasaba zao. Mwungwana wa Lamu au wa Mombasa akiulizwa, Wewe u nani? hataji jina lake peke yake, bali hulifuatisha la baba yake, na la babu yake, na la babu wa babu yake, bin fulani bin fulani, mpaka kumfikia yule aliyeshuka chomboni kwanza. Na pengine karatasi imo sandukuni ya kushuhudia. Huko bara mzee wa Kiyao au wa Kimakua hana karatasi, walakini anao ukoo wake, na miiko yake, na kilima au mto alikozaliwa nyanya yake. Katika insha hii nataka kunena habari za watu wa namna ya tatu, wasio na karatasi wala kilima: wajukuu na vitukuu wa watumwa waliookolewa katika majahazi, wakalelewa katika miji ya misheni, Frere Town na Rabai, Mbweni na Kiungani, Bagamoyo na Masasi. Walimu na makasisi wengi wa kwanza wa nchi hizi walitoka katika watu hao, na si haba katika wasomaji wa kurasa hizi walio wa damu yao.

Ukimwuliza mtu wa nyumba kama hizo asili yake, hukujibu, Babu yetu aliletwa na manowari. Zaidi ya hapo hana neno. Manowari ni kama ukuta, na nyuma ya ukuta ule wako baba na mama na ndugu waliobaki wakilia kijijini. Je, ukuta huo wapenyeka? Nasema wapenyeka mara nyingine, ila si kwa nguvu za mtu mmoja. Mwenye daftari hana lugha, mwenye lugha hana daftari, na mwenye kujua koo hajui kwamba kuna mtu anayezitafuta. Kazi hii yataka wenzi.

Kwanza nitaje miaka, kwa kuwa anayetafuta bila miaka hupotea. Mwaka 1860 Balozi wa Kiingereza katika Unguja, Rigby, aliwaacha huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi raia wa Kiingereza, maelfu ya watu, na majina yao yakaandikwa pamoja na majina ya mabwana zao. Siku ya 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Mwaka 1875 misheni ya C.M.S. ikajenga Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili wawekwe huko watu waliotekwa na manowari. Na mahali penyewe panaitwa Kengeleni hata leo, kwa sababu ya kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya watu hatari ikija. Mwaka 1876 Askofu Steere akawaongoza watu waliokuwa wameachwa huru kutoka Unguja, waende kwao Ziwani, nao wakakaa Masasi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kukaa Bagamoyo tangu 1868. Tena wako wale waliopelekwa mbali zaidi, hata India, wakafunzwa Nasik, kisha wakarudishwa Mombasa na Rabai. Hao ndio walioitwa Wabombei.

Basi, anayetafuta huanza na daftari la ubatizo, na ni haki aanze hapo. Lakini na ajue anasoma nini. Mtoto aliyetekwa alikuwa na jina la kwao, alilopewa na mjomba wake au nyanya yake. Mwenye kumnunua alimpa jina jingine, la siku au la baraka au la kito: Juma, Mabruki, Feruzi, Almasi, Majaliwa. Mwisho padre alimbatiza, akamwita kwa jina la Mtume au la Mwingereza fulani aliyetoa fedha za kumsomesha. Daftari hulishika hili la tatu, mara nyingine la pili, na la kwanza kwa nadra sana. Matthew Wellington, mmoja wa wale waliouchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani, alikufa Mombasa mwaka 1935 akijulikana na watu wote kwa jina lile la Kiingereza; walakini jina lake la utotoni halikupotea, nalo ni Chengwimbe. Mtu asiyejua Kiyao huliona kuwa sauti tu. Ajuaye Kiyao husikia mara moja mwanzoni mwake "Che", ambalo kwa Wayao ni neno la heshima la kutangulia jina, naye ana mahali pa kuanzia kuuliza.

Baada ya jina lafuata kabila, na hapa ndipo watafutaji wengi wanapodanganyika. Katika madaftari ya pwani utaona Mnyasa, Mnyasa, Mnyasa, ukurasa mzima. Wanyasa ni watu gani? Nyasa, kama Nyanja, maana yake ni ziwa au maji makubwa. Mnyasa basi ni mtu wa upande wa Ziwa, wala si zaidi. Chini ya neno hilo wamefunikwa Wamang'anja, na Wanyanja, na Watonga, na Wachewa, na wengine ambao mwandishi hakuwa na haja ya kuwatenga. Neno Myao lina shida nyingine, tena kubwa kuliko hiyo. Wayao walitekwa wakauzwa, ni kweli. Lakini wakubwa wao, kama Mataka wa Mwembe na Makanjila wa Ziwani, walikuwa wenyewe wakipeleka misafara Kilwa. Mtoto wa Kinyanja aliyekaa miaka miwili katika mji wa Kiyao, kisha akaletwa pwani na Wayao, akiulizwa na mkalimani, Umetoka kwa nani? atajibu, Kwa Wayao. Mwandishi huandika Myao. Hakusema uongo yule mtoto, wala mwandishi. Ila mjukuu wake, akienda kuuliza ukoo wake huko Mwembe, yamkini anagonga mlango wa nyumba ya waliomwuza babu yake.

Kwa hiyo namshauri kila anayeona neno Myao katika daftari asome kwanza kitabu cha Kasisi Yohanna Abdallah, Chiikala cha Wayao, kilichopigwa chapa Zomba mwaka 1919 kwa Kiyao na kwa Kiingereza. Abdallah alikuwa Myao mwenyewe, na padre wa misheni ya U.M.C.A. Ameeleza asili ya jina lenyewe, kuwa ni la kilima kisicho na miti. Na jinsi watu walivyotawanyika kutoka hapo, Wamasaninga, Wamachinga, Wamangoche, na Wachisi waliokuwa wafua chuma. Mzee wa Frere Town aliyewaambia watoto wake, Sisi tulikuwa wahunzi, pengine hakujisifia kazi tu. Pengine alikuwa akitaja kabila dogo kwa maana yake.

Tena kuna jambo la mlango wa mama. Daftari la Kizungu huuliza, Baba yako nani? na desturi ya pwani huuliza vile vile. Lakini Myao huhesabu jamaa kwa upande wa mama: mtu ni wa mbumba ya mama yake, na mkubwa wake ni mjomba, wala si baba. Mtoto aliyetaja jina la mwanamume akiulizwa mkubwa wake, naye akaandikiwa kuwa hilo ni la baba, huenda alimtaja mjomba. Nimeona mahali pengi jitihada ya miaka ikifuata jina la "baba" kama huyo, na watu wakashangaa kuwa huko bara halijulikani katika ukoo unaotafutwa. Mwulize Mwafrika wa huko kwao mwenyewe. Atakuonyesha kosa kwa neno moja.

Na maneno ya ujamaa ya pwani nayo hupoteza. Mzee husema, Yule wa Rabai alikuwa ndugu yangu. Ndugu wa tumbo moja? Au ndugu wa jahazi, walioletwa katika chombo kimoja wakiwa watoto wenye njaa? Au alikuwa mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake wa bwana mmoja? Lugha yetu inalo neno mjoli, lakini baada ya uhuru si kila mtu aliyependa kulitamka, maana kumwita mtu mjoli ni kujitaja mwenyewe mtumwa. Wakaitana ndugu, na shangazi, na baba mdogo, wakaoleana na kuzikana kama jamaa. Mimi siwezi kusema kwamba ujamaa huo ni wa uongo. Lakini anayeandika nasaba lazima autenge na ule wa damu, na ulizo lifanywe kwa adabu.

Sasa nieleze jinsi wenzi wanavyosaidiana, kwa mfano niliotunga, usio habari ya nyumba fulani. Mwanamke wa Kisauni ana babu wa babu yake katika daftari: Thomas, Mnyasa, mwaka fulani. Hana zaidi, ila yale aliyosikia kwa nyanya yake, kwamba Thomas alipougua mwisho aliyasahau Kiswahili na Kiingereza, akawa akiomba maji kwa kusema "mesi, mesi". Katika nyumba ile neno hilo limekuwa kama kichekesho cha huzuni. Anamwandikia mwalimu wa Masasi, ambaye naye anatafuta jadi zake. Yule humjibu, Mesi ni Kiyao. Mnyanja angesema madzi. Mnyasa huyo basi alisema Kiyao kabla ya kusema Kiswahili. Je, alizaliwa Myao? Haijulikani bado, maana yawezekana alijifunza njiani. Mtu wa tatu, aliye Uingereza, mwenye kunakili hati za manowari zilizowekwa Kew, anayo orodha ya jahazi lililokamatwa mwaka ule. Wa nne, huko Malawi, anauliza kama nyumbani mwao walikuwa na mwiko wowote au jina la ukoo. Wakisema Phiri au Banda, mambo yamegeuka tena, kwa kuwa hizo ni koo za Wachewa na jamaa zao; ingawa ni koo kubwa mno, na mwenye jina hilo hajafika kijijini bado. Hivyo ndivyo kazi inavyokwenda. Hakuna aliyejua habari za Thomas katika hao wanne, na sasa wote wanne wanajua kitu.

Hati zenyewe zimetawanyika kama watu wenyewe. Za C.M.S. ziko katika Chuo Kikuu cha Birmingham, za U.M.C.A. ziko Oxford, za Mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, Ufaransa, nyingine ziko katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, na madaftari mengi yangali katika makabati ya makanisa, yakiliwa na mchwa. Siku hizi mtu hupiga picha ya ukurasa akampelekea mwenzake kwa simu, na jambo lililotaka safari ya mwezi hufanyika kabla ya chakula. Hilo ni jema, ila lina hatari yake: ukurasa husafiri upesi kuliko maelezo yake. Anayepeleka na aseme ni daftari gani na ukurasa wa ngapi. Anayenakili na aandike jina kama lilivyo, hata likiwa limekosewa, asilinyoshe. Mwandishi wa Kiingereza aliyesikia kwa masikio ya mkalimani wa Kiswahili alichanganya l na r, n na ng', na makosa hayo yenyewe ndiyo mwanga wa mtu ajuaye lugha.

Watu siku hizi hupeleka mate yao yapimwe vinasaba. Kipimo huweza kuonyesha binamu wa mbali, ikiwa binamu huyo naye amepimwa. Lakini wa Niassa na wa Mangochi waliopimwa ni wachache, na mate hayataji ukoo. Nafurahi, lakini, kwamba wataalamu walipotaka neno la Kiswahili kwa jambo hilo walilichukua kutoka nasaba.

Imebaki habari ya aibu, nayo ndiyo nzito. Utumwa ulifutwa kwa sheria Unguja mwaka 1897, Kenya mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Lakini hakuna sheria iliyofuta jina la mtumwa vinywani mwa majirani. Ndiyo sababu wengine walitafuta nasaba za kujifunika, wakajiita watu wa Shiraz au wa kabila lingine lisiloulizwa. Wengine hawakuficha: James Mbotela wa Frere Town, mwana wa aliyekombolewa, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, watu wakakisoma shuleni. Kati ya namna hizo mbili sitaki kuhukumu. Mama aliyewaficha watoto wake alikuwa akiwalinda katika ndoa zao. Kwa hiyo mwenye kugundua kwamba nyumba fulani, inayojitaja ya waungwana, ina mtumwa katika daftari, hana ruhusa ya kulitangaza. Habari hiyo ni ya wenyewe, na wakitaka kuijua watauliza. Hata wazee wa huko bara huona aibu, ya namna nyingine: mara nyingi mtoto aliuzwa kwa deni au kwa njaa na jamaa yake mwenyewe, na nyumba ile haipendi kuulizwa nani aliyepotea.

Wako waliookoka bila daftari. Wazigua waliochukuliwa katika karne ya kumi na tisa mpaka pwani ya Somalia walitoroka mabwana zao, wakikumbuka kuwa waliongozwa na mwanamke, jina lake Wanankhucha, wakakaa katika bonde la Mto Juba. Huko walikaa vizazi vingi, wakishika Kizigua chao. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakawekwa Mkuyu, Handeni, katika nchi ile ile ya Wazigua, na baadaye wengi wao wakapewa uraia. Wenyeji wa Handeni waliwasikia wageni hao wakisema Kizigua, chenye maneno ya zamani na ya Kisomali ndani yake, wakafahamiana nao bila mkalimani.